Shajara ya mradi: salamanda wakubwa wa Japani na Uchina katika jedwali moja

Januari: mpango wa kazi

Mradi huu unakusudia kuandaa waraka mmoja wa rejea kwa Kiswahili unaomlinganisha salamanda mkubwa wa Japani, Andrias japonicus, na salamanda mkubwa wa Uchina, Andrias davidianus. Waraka utakuwa na jedwali la sifa, ramani ya makazi na sura fupi kuhusu hali ya uhifadhi wa kila spishi. Mimi ninaandika na mwenzangu anachora ramani. Hatuna kazi ya mtoni. Tunategemea tafiti zilizochapishwa, sheria za nchi hizo mbili na tathmini za Orodha Nyekundu ya Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira Asilia, yaani IUCN.

Jozi hii imechaguliwa kwa sababu undugu wake hauna ubishi, ilhali hatima zake zimeachana mno. Familia ya Cryptobranchidae imebakiwa na jenasi mbili tu: Cryptobranchus ya mashariki mwa Marekani, ambayo mnyama wake hafikii hata mita moja, na Andrias ya Asia ya Mashariki, ambamo wamo amfibia wakubwa kuliko wote walio hai duniani. Mnyama wa Japani na mwenzake wa Uchina wana umbo lile lile: kichwa kipana kilichobapa, macho madogo yasiyo na kope, miguu mifupi, mkia wenye nguvu, na mikunjo ya ngozi inayoning'inia ubavuni. Mikunjo hiyo ndiyo kiungo chao kikuu cha kupumulia, kwa kuwa mnyama mzima hana matamvua ya nje na mapafu yake hayatoshi kumpa oksijeni anayoihitaji. Kutokana na hali hiyo, wote wawili wamefungwa na sharti moja: maji baridi, yanayotiririka, yenye oksijeni nyingi. Mto ukituama au ukipata joto, salamanda huyu hana mahali pengine pa kukimbilia, kwa sababu maisha yake yote hupita majini.

Swali tulilojiwekea ni hili: kwa nini wanyama wawili wanaofanana kwa mwili, kwa mahitaji na kwa uzazi wamewekwa kwenye madaraja tofauti ya hatari? Jedwali lina safu wima mbili, moja kwa kila spishi, na mistari ya majina, maumbile, makazi, uzazi, vitisho, ulinzi wa kisheria na hadhi. Limepangwa hivyo ili msomaji aweze kushuka mstari baada ya mstari na kuona mahali ambapo njia zinaachana.

Februari: majina na maumbile

Mstari wa majina umekamilika upesi. Spishi ya Japani ilipewa jina la kisayansi na Temminck mwaka 1836, na ile ya Uchina na Blanchard mwaka 1871. Kuna kisa cha pembeni ambacho kimeachwa nje ya jedwali ingawa kinastahili kukumbukwa hapa: mwaka 1726 daktari wa Uswisi, Johannes Jakob Scheuchzer, alitangaza kwamba mifupa iliyogeuka mawe ilikuwa ya binadamu aliyezama katika gharika ya Nuhu, na ikabidi Georges Cuvier, mwanzoni mwa karne ya 19, aonyeshe kwamba ni ya salamanda mkubwa wa kale. Kisa hicho kinathibitisha kwamba jenasi hii iliwahi kuishi hadi Ulaya, na kwamba umbo lake halijabadilika sana kwa muda mrefu mno.

Mstari wa maumbile umechukua muda mrefu zaidi, na hasa sehemu ya ukubwa. Kwa salamanda wa Japani, urefu wa juu unaotajwa ni takriban mita 1.5. Kwa yule wa Uchina hutajwa mita 1.8, lakini vipimo vikubwa vya namna hiyo ni vya zamani, na wanyama wanaopatikana siku hizi ni wadogo zaidi kwa kuwa wakubwa huvuliwa kwanza. Tumeamua kuandika vipimo hivi kama «urefu wa juu ulioripotiwa» na kutoweka wastani wowote, kwa sababu wastani wa idadi iliyovuliwa kupita kiasi hueleza habari za wavuvi kuliko za mnyama.

Tofauti za kuonekana kwa macho ni chache. Salamanda wa Japani ana vinundu vikubwa kichwani vilivyotawanyika bila mpangilio. Yule wa Uchina ana vinundu vidogo zaidi ambavyo mara nyingi hukaa wawiliwawili. Rangi na madoa hutofautiana mno baina ya mnyama na mnyama, hivyo haviwezi kutegemewa. Ndani ya seli, hakuna tofauti kubwa hata kidogo: wote wana kromosomu 60, na mpangilio wake unakaribia kuwa sawa. Kisanduku hiki cha kromosomu kilionekana kuwa cha kujazia nafasi tu tulipokipanga, lakini nimekiwekea alama, kwa sababu ndicho kinachoeleza kilichotokea Kyoto, na habari hiyo itafika kwa zamu yake.

Machi: uzazi

Huu ndio mstari ambao spishi hizi mbili zinakaribiana kuliko mahali pengine popote, na ndio uliopewa nafasi kubwa kuliko tulivyopanga. Maelezo mengi ya kina yanatoka Japani, ambako mnyama huyu amechunguzwa mtoni kwa miongo mingi.

Mwishoni mwa majira ya joto, kuanzia Agosti mwishoni na kuendelea Septemba, madume wakubwa hushindania mapango yaliyo chini ya kingo za mito, ambayo mlango wake huwa chini ya maji. Dume anayeshinda hulimiliki pango, hulisafisha mchanga na majani, kisha huwaruhusu majike kuingia kutaga. Utungishaji hufanyika nje ya mwili, jambo lisilo la kawaida kwa salamanda walio wengi: jike hutoa mayai yaliyounganishwa kama uzi wa shanga, kwa kawaida kati ya 400 na 600, na dume humwaga mbegu juu yake. Baada ya hapo jike huondoka na dume hubaki. Huyapepea mayai kwa mkia ili maji yenye oksijeni yapite kati yake, huwafukuza samaki na salamanda wengine wanaotaka kuyala, na yeye mwenyewe huyala mayai yaliyokufa au kushikwa na kuvu ili yasiyaambukize yaliyo mazima. Mayai huanguliwa baada ya wiki kadhaa, lakini viluwiluwi hubaki pangoni chini ya ulinzi wa baba yao hadi majira ya baridi yanapokaribia kwisha, ndipo wanapotawanyika kijitoni.

Ukisoma maelezo hayo kwa jicho la mhifadhi, utaona kwamba kila hatua inategemea kitu kimoja kisichohamishika: pango kwenye ukingo wa udongo na mawe. Ukingo ukijengwa kwa zege, mto unaweza kubaki na maji safi, samaki wengi na salamanda wazima, lakini uzazi ukasimama kimya kimya. Na kwa kuwa salamanda hawa huishi miaka mingi sana, dosari hiyo haionekani haraka. Salamanda mmoja aliyeletwa Ulaya na Philipp Franz von Siebold kutoka Japani karibu na mwaka 1830 aliishi katika utunzaji hadi mwaka 1881, yaani zaidi ya nusu karne. Mto unaweza basi kuonekana una idadi nzuri ya wanyama kwa miongo kadhaa huku wote wakiwa ni wazee wasio na watoto. Nimeongeza mstari mpya chini ya uzazi, «mgawanyo wa ukubwa», ili kila tunapotaja idadi ya wanyama tuseme pia iwapo wadogo walionekana. Tafiti nyingi zinataja idadi bila kutaja jambo hilo. Visanduku hivyo tutaviacha wazi kuliko kuvijaza kwa kukisia.

Mwisho wa Machi: safu ya Japani

Salamanda wa Japani anapatikana kusini-magharibi mwa kisiwa cha Honshu, hasa katika mikoa ya milima ya Chugoku kama Hiroshima, Okayama, Tottori na Shimane, na kwa uchache katika visiwa vya Shikoku na Kyushu. Kisheria, ulinzi wake ni wa namna ya pekee: tangu mwaka 1952 ni Kumbukumbu Maalumu ya Asili chini ya Sheria ya Kulinda Mali za Kitamaduni, daraja linalomweka pamoja na vitu ambavyo taifa linavihesabu kuwa urithi. Kumkamata au hata kumshika bila kibali ni kosa. Hapo awali aliliwa katika vijiji vya milimani. Uwindaji huo ulikoma, na hakuna shaka kwamba sheria hiyo ndiyo iliyomnusuru kutoka kwenye nyavu na ndoana.

Hata hivyo sheria inayomlinda mnyama haikuulinda mto. Vitisho vikuu vya Japani ni uhandisi: vizuizi vya zege vya kugawa maji ya mashamba, mabwawa ya kuzuia maporomoko ya mchanga, na kingo zilizosakafiwa ili kuzuia mafuriko. Salamanda hupanda kijito kuelekea juu wakati wa kuzaa, na ukuta wa wima usiofika hata mita moja unatosha kumzuia. Kwenye baadhi ya mito wahifadhi wamejenga ngazi na miteremko pembeni ya vizuizi, pamoja na mapango ya kutengenezwa. Bustani ya Wanyama ya Asa huko Hiroshima, ambayo ilifanikiwa kumzalisha salamanda huyu katika utunzaji mwaka 1979, imekuwa na sehemu kubwa katika kazi hiyo. Mambo haya yanasimuliwa kwa nadra nje ya Japani, nami nayaona kuwa na mafunzo mengi kuliko orodha ndefu za makatazo.

Hadhi: IUCN ilimweka kwa muda mrefu katika daraja la spishi zilizokaribia kutishiwa, na tathmini ya karibuni imempandisha hadi kundi la spishi zilizo katika mazingira ya kudhurika, ambalo ndilo daraja la kwanza kati ya matatu ya kutishiwa. Wizara ya Mazingira ya Japani pia imemweka katika daraja linalolingana na hilo. Biashara ya kimataifa ya jenasi nzima ya Andrias imezuiwa na Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES tangu 1975. Safu ya Japani imejaa, isipokuwa kisanduku cha vitisho, ambacho kimeandikwa «angalia Kyoto».

Aprili: safu ya Uchina

Kwa juu juu safu hii ilikuwa rahisi. Spishi: moja. Eneo: mabonde ya mito mitatu mikuu, Yangtze, Njano na Lulu, yanayoenea katika majimbo mengi ya kati na ya kusini. Hadhi: hatarini kabisa kutoweka, daraja la mwisho kabla ya kutoweka porini, ambalo IUCN ilimpa mwaka 2004 kwa msingi wa kupungua kwa zaidi ya asilimia 80 katika muda wa vizazi vitatu. Sababu kuu: kuvuliwa kwa ajili ya chakula cha anasa, pamoja na uharibifu wa mito. Sheria: mnyama anayelindwa na taifa kwa daraja la pili tangu mwishoni mwa miaka ya 1980.

Tafiti mbili zilizochapishwa pamoja mwaka 2018 zimetulazimu kuivunja safu hiyo. Ya kwanza ilikuwa uchunguzi wa mitoni uliofanyika kati ya 2013 na 2016 katika maeneo 97 ya majimbo 16. Salamanda walipatikana katika maeneo manne tu, na vinasaba vyao vilionyesha kwamba hawakuwa wenyeji wa mito walimopatikana, bali yamkini walitokana na wanyama waliofugwa na kuachiliwa. Ya pili ilichunguza DNA ya wanyama 70 waliovuliwa porini na 1,034 kutoka mashambani, ikatambua angalau nasaba tano zilizotengana kiasi cha kustahili kuitwa spishi. Mwaka 2019 utafiti mwingine, uliotumia pia vielelezo vya zamani vilivyohifadhiwa katika makumbusho, ulilifufua jina Andrias sligoi kwa ajili ya wanyama wa kusini mwa Uchina. Jina hilo lilitolewa na Boulenger mwaka 1924 kwa salamanda aliyetoka Hong Kong na kuishi katika bustani ya wanyama ya London, kisha likafutwa na kusahauliwa. Mwaka 2022 ikaongezwa Andrias jiangxiensis kutoka Jiangxi, na mwaka 2023 Andrias cheni kutoka eneo la milima ya Huangshan katika jimbo la Anhui. Kuhusu lini nasaba hizi ziliachana, makadirio ya tafiti hizo yanatofautiana, kutoka karibu miaka milioni tatu iliyopita hadi karibu milioni kumi. Hata tukichukua tarakimu ndogo kabisa, wametengana tangu kabla ya binadamu wa sasa kuwepo.

Kwa hiyo jina davidianus linabaki kuwa la sehemu tu ya wanyama tuliokusudia kuwaweka katika safu moja. Kuwapa wote hadhi moja ni kama kuandika umri mmoja katika vyeti vya ndugu watano: si kwamba tarakimu ni ya uongo kwa kila mmoja, ila haimsaidii yeyote. Mojawapo ya nasaba hizi inaweza kuwa imeshatoweka porini wakati mwingine ina mto wenye watoto. Tofauti hiyo haikuonekana kwa muda wote ambao ziliitwa kwa jina moja. Mfano ulio wazi kabisa ni jiangxiensis, ambayo katika kijito cha hifadhi huko Jiangxi ina idadi ya porini yenye nasaba safi na inayozaa yenyewe, jambo ambalo halijulikani kwa urahisi mahali pengine Uchina.

Nimeandika mengi kuhusu mashamba ya ufugaji, kwa sababu hapa ndipo swali letu la Januari linapopata jibu ambalo mistari ya maumbile na uzazi isingeweza kutoa. Tangu mwanzoni mwa karne hii ufugaji wa salamanda ulikua kwa kasi, hasa katika jimbo la Shaanxi, hadi mashamba yakawa na mamilioni ya wanyama. Mtu akihesabu vichwa tu atasema huyu ndiye mwenye idadi kubwa kuliko amfibia wengi walio hatarini. Lakini mashamba yalianza kwa wanyama wa kuvuliwa porini, na kwa muda mrefu yaliendelea kuwahitaji kama mbegu, hivyo kila shamba jipya lilikuwa soko jipya la wavuvi haramu. Wanyama wa mabonde mbalimbali walichanganywa katika madimbwi yale yale na kuuzwa kutoka jimbo hadi jimbo, huku nasaba ya Mto Njano ikitawala. Kisha makumi ya maelfu ya wazao wao waliachiliwa mitoni kwa nia njema ya kurudisha spishi, bila kupimwa vinasaba. Mahali ambapo wenyeji wachache walikuwa wamebaki, uachiliaji huo uliweza kuwamaliza kwa njia ambayo uvuvi haukuweza: kwa kuzaliana nao. Isitoshe, mashamba yamekumbwa na mlipuko wa ranavirusi unaoua salamanda wengi, na hakuna ukuta wa kuaminika kati ya dimbwi la shamba na kijito kilicho jirani.

Mstari wa sheria nao umebidi uandikwe upya. Orodha ya wanyama wanaolindwa iliyorekebishwa mwaka 2021 inasema kwamba ulinzi wa daraja la pili unahusu wanyama wa porini pekee. Kwa upande wa mfugaji mantiki yake inaeleweka. Kwa upande wa mlinzi wa hifadhi, kuna swali gumu la ushahidi: mnyama akikutwa ndani ya ndoo njiani, nani atathibitisha alitoka shambani au mtoni? Nimeliweka swali hilo katika maelezo ya chini ya jedwali, kwa kuwa si sifa ya spishi bali ya sheria.

Mei: Kyoto

Kisanduku kilichoandikwa «angalia Kyoto» kimejazwa, nacho kimezua sura nzima.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla CITES haijafunga mlango, salamanda wa Uchina waliingizwa Japani kwa ajili ya chakula. Baadhi waliishia mtoni. Katika bonde la Mto Kamo, unaopita katikati ya jiji la Kyoto, wageni hao walikutana na wenyeji, na hapa ndipo kromosomu 60 kwa 60 zinapoonyesha maana yake: machotara wao si tasa. Wanazaa wao kwa wao na wanazaa na wazazi wa pande zote mbili, kizazi baada ya kizazi, kiasi kwamba leo sehemu kubwa ya salamanda wanaopatikana katika mto huo ni machotara, na mwenyeji halisi amekuwa adimu. Dume mgeni au chotara mwenye mwili mkubwa ana nafasi nzuri ya kulitwaa pango, na anayelimiliki pango ndiye anayezaa. Mfumo ule ule wa ulinzi wa baba tulioueleza Machi kama nguvu ya spishi hii umegeuka kuwa mlango wa kuibadilisha.

Tumebaki basi na hali ambayo jedwali la kawaida haliwezi kuieleza. Salamanda wa Uchina, ambaye kwao yuko hatarini kabisa kutoweka, ni spishi vamizi kwa jirani yake ambaye hali yake ni nafuu. Mwaka 2024 Japani ilimtangaza rasmi, pamoja na machotara wake, kuwa kiumbe vamizi wa kigeni kinachodhibitiwa, ambacho ni marufuku kukifuga, kukisafirisha au kukiachilia bila kibali. Mwenzangu aliuliza kama wanyama hao wasingeweza kurudishwa Uchina, ambako wanahitajika. Jibu fupi ni kwamba machotara hawana mto wa kurudi, na hata wasio machotara wangehitaji kwanza kujulikana ni wa nasaba ipi, vinginevyo tungerudia kosa la mashamba kwa kutumia ndege.

Swali lake halikuwa la bure, hata hivyo. Watafiti waliopima vinasaba vya salamanda wa asili ya Uchina walioko Japani waligundua baadhi ya wanyama wa Andrias sligoi, na katika taarifa iliyochapishwa mwaka 2024 walieleza kwamba wawili kati yao, wote madume, wako hai katika sehemu za maonyesho ya wanyama. Spishi ambayo haijaonekana kwa uhakika porini katika tafiti za miaka ya karibuni imepatikana katika matangi ya nchi jirani. Kwa kuwa wote ni madume, hawawezi kuanzisha kizazi, lakini mbegu zao zinaweza kuhifadhiwa endapo jike atapatikana shambani au mtoni kwao.

Kuhusu mbinu za uchunguzi, nimeongeza aya inayotahadharisha. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliotumia DNA ya mazingira, yaani chembe za vinasaba zilizomo katika maji yenyewe, kutafuta salamanda wenyeji na wageni katika bonde la Mto Katsura, ambalo Kamo ni tawi lake. Kwa mnyama anayejificha mchana na asiyeruhusiwa kushikwa bila kibali, kuchota maji ni mbinu bora kuliko kugeuza mawe. Lakini kinachosomwa majini ni DNA ya mitokondria, iliyo nje ya kiini cha seli, nayo hurithiwa kwa mama peke yake. Chotara aliyezaliwa na mama wa Japani atasomeka majini kama Mjapani kamili, na mwenzake wa mama wa Uchina atasomeka kama mgeni kamili. Ramani iliyotokana na maji pekee itaonyesha wageni na wenyeji, na haitaonyesha machotara, ambao ndio wengi. Ili kuwatambua, lazima mnyama apatikane, apanguswe mdomoni au akatwe kipande kidogo cha ngozi ya mkia, na DNA ya kiini isomwe. Kwa hiyo katika ramani zetu tutatumia alama mbili tofauti kwa data za maji na data za mnyama, hata kama jambo hilo litaifanya ramani ijae.

Juni: jedwali lilivyo sasa

Safu wima mbili zimekuwa tano: japonicus, davidianus kwa maana yake finyu, sligoi, jiangxiensis na cheni. Safu tatu za mwisho zina visanduku vingi vilivyo wazi, hasa vya uzazi na mgawanyo wa ukubwa, nasi tumeamua visijazwe kwa kuazima kutoka kwa davidianus. Kuna waandishi wanaofanya hivyo kwa hoja kwamba ndugu hufanana. Siafiki, kwa sababu sehemu kubwa ya kile kilichoandikwa kuhusu davidianus kabla ya 2018 huenda kilitokana na wanyama wa nasaba nyingine, na kwa kuazima tungekuwa tunarudisha mchanganyiko ambao watafiti wametumia miaka kuupangua. Kila taarifa ya kabla ya mwaka huo sasa inaambatana na jina la bonde la mto ilikotoka, pale linapotajwa. Visipotajwa bonde wala jimbo, taarifa inahamishiwa katika safu ya pembeni yenye kichwa «Andrias wa Uchina, nasaba haijabainishwa». Safu hiyo ya pembeni imekuwa ndefu kuliko zote.

Mstari wa hadhi umegawanywa mara mbili: hadhi ya jina katika orodha rasmi, na hali ya wanyama wa porini wenye nasaba inayothibitishwa. Kwa salamanda wa Japani, mgawanyo huu ulionekana hauhitajiki, mpaka tulipoutenga mto wa Kamo na mito ya Chugoku. Huko Chugoku hadhi rasmi inaeleza vizuri kinachoendelea: mnyama yupo, anazaa panapokuwa na kingo za udongo, anakwama kwenye zege. Katika Kamo hadhi hiyo hiyo haina maana, kwa kuwa tatizo si kupungua kwa salamanda bali kubadilika kwao kuwa wanyama wengine huku idadi ikibaki pale pale.

Kazi iliyobaki kabla ya toleo la kwanza ni ramani ya Kyoto. Mwenzangu anataka kuichora kwa vijito badala ya wilaya na kuonyesha kila kizuizi cha zege kinachojulikana, nami nimekubali, ingawa inaleta mgongano katika maandishi yangu ya Machi. Huko nilivihesabu vizuizi kuwa adui, na kwa mito ya Chugoku msimamo huo haubadiliki. Lakini kijito cha juu ambacho bado kina wenyeji watupu kinaweza kuwa kimehifadhika kwa sababu tu kuna ukuta chini yake ambao chotara hawezi kuupanda. Ngazi ya salamanda ikijengwa hapo, itawapandisha wote. Tumekubaliana kwamba kila kizuizi kwenye ramani hiyo kiandikwe kilicho juu yake na kilicho chini yake, kwa data za mnyama na si za maji, na kwamba pendekezo la ngazi litolewe tu pale ambapo pande zote mbili zimepimwa.